Kifungo cha Namba Tatu

Kilichoninyima usingizi wiki nzima ni swali ambalo mtu mwingine angelimaliza kwa dakika moja: nilimwita baba kabla ya krosi, au baada yake? Kama nilimwita baada, mpira ulikuwa umeshapita na sauti yangu haikubadilisha kitu. Kama nilimwita kabla, basi goli lile tulifungwa na mimi, mtoto wa kike wa miaka kumi niliyekaa nyuma ya lango na mfuko wa chupa za maji, na kuna mtu ambaye amebeba kosa langu kwa jina lake tangu siku ile. Nimelipima swali hili kwa kila njia niliyofundishwa chuoni. Nimechora michoro. Nimetembea kwenye kiwanja cha shule nikihesabu sekunde kwa sauti, watoto wakinicheka. Nina digrii, kazi sina, na muda wa kufikiri ninao mwingi kuliko unaonifaa.

Chanzo ni harufu. Jumatatu ya wiki iliyopita timu yetu ya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, ilikuwa imetoka kufungwa Lilongwe, tena dakika za mwisho, tena kwa mpira uliopita upande wetu wa kushoto. Watu walijaa kwenye kibanda cha baba ili wafanye otopsi. Baba alipokunjua kile kitambaa cha kijani juu ya meza ya kukatia nguo, kabla sijaona kitu nilinusa: mafuta ya cherehani, chaki, vumbi la pamba, jasho la watu wote waliowahi kukiinamia. Papo hapo nilikuwa na miaka kumi, na nilikuwa na hasira. Ilikuwa ile ile, haijachakaa hata kidogo, kama nguo iliyofungiwa sandukuni.

Wenzangu mliokulia kambini upande wa mpira mnajua otopsi ni nini. Mliokulia upande wa kwaya nitawaeleza. Neno wazazi wetu walikuja nalo kutoka Bukavu, Kongo, na maana yake ni ile ya hospitali: kumpasua maiti ujue kilichomuua. Tukishinda mechi, watu wanaimba na kwenda nyumbani. Tukifungwa, siku inayofuata mechi inapasuliwa mezani kwa baba, kwa sababu baba ni fundi na yeye ndiye aliyeshona uwanja. Ndiyo, aliushona. Mistari yote iko kwenye kitambaa kile kwa uzi mweupe: mstari wa kati, maboksi, hata nusu duara za kona. Wachezaji wetu ni vifungo vyeupe vya shati, wapinzani ni vifungo vyeusi vya koti, na kila kimoja kimeandikwa namba kwa wino.

Otopsi ina sheria moja kubwa. Mchezaji haruhusiwi kugusa kifungo chake wala kujitetea, kwa kuwa kila aliyekosea ana maneno. Anayetaka kumtetea ni lazima anyanyue kifungo cha mchezaji kwa mkono wake mwenyewe, aseme alichoona kwa macho yake, kisha akirudishe pale anapoamini mchezaji alikuwa. Hiyo inaitwa kukibeba. Mwalimu, mzee aliyefundisha jiografia huko Bukavu na ambaye bado anashika rula ndefu ya baba kana kwamba ubao uko mbele yake, anauliza mara tatu: nani anakibeba? Asipojitokeza mtu, kifungo kinalazwa kifudifudi, namba ikitazama kitambaa, na kinakaa hivyo hadi mechi inayofuata. Nilipokuwa mdogo niliona hakuna sheria ya haki kuliko hiyo duniani. Kwenye foleni ya chakula watu waliruka wenzao. Kanisani wenye viti vya mbele walikuwa wale wale. Mezani kwa baba, nilidhani, kila mtu alipewa alichostahili.

Mechi ninayoizungumzia ilichezwa Biwi, mjini Lilongwe, na ilikuwa fainali. Tulikwenda kwa lori, tumesimama, tukishikana mabega, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilipewa kazi: chupa za maji. Kocha alikuwa amekataa habari za kukaba eneo. Alisema kila mtu na mtu wake, mpaka chooni. Baba yangu, nahodha, mwanakwaya kanisani, beki wa kati, jezi namba tano, alipewa namba tisa wao, jitu refu lililotafuna mua hadi mwamuzi alipopuliza kipenga. Winga wao mwenye mbio alipewa Wilondja, beki wetu wa kushoto, namba tatu.

Wilondja alikuwa na miaka kumi na tisa. Watu wake walitoka mashambani Fizi, na kambini alikuwa anafyatua matofali, kwa hiyo miguu yake ilikuwa na rangi ya udongo hata siku ya Jumapili. Kila mechi alivua saa yake ya plastiki na kunipa niishike. Aliniita kocha. Mashabiki wengi hawakumpenda sana, hasa wa mjini Bukavu, kwa sababu alikuwa na tabia moja: akiona shimo mahali, hata kama si lake, alikwenda kuliziba. Wao walitaka beki akae mahali pake kama kigingi.

Wiki ile baba alikuwa amenifundisha jambo jipya, nami nililishika kama vile watoto wanavyoshika kitu kipya, yaani kwa kulitumia kupita kiasi. Bendera ya mshika kibendera ikiinuka, mchezo umesimama. Nilitoka nyumbani nikiitafuta bendera. Nilipoketi nyuma ya lango letu nilitafuta kwanza bendera ndipo nikatafuta mpira. Mshika kibendera wa upande wa kushoto alikuwa na kipande cha kitambaa chekundu kwenye fimbo, na nyuma yake, karibu sana na mstari, wanawake walikuwa wamepanga marundo ya usipa, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga juu ya magunia.

Tulikuwa sare, muda umebaki kidogo. Kiungo wao alikuwa na mpira katikati. Mimi sikuwa natazama mpira. Niliona kitambaa chekundu kikipanda juu ya fimbo, kikipepea. Nikasimama na kupiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Papa, bendera!"

Baba akageuka. Nakumbuka uso wake uliponielekea mimi, halafu kule kwenye wekundu, halafu akainua mkono juu kudai kuotea, na akasimama. Yule jitu namba tisa hakusimama. Alimpita baba kama mtu anayepita mlangoni kwake. Wilondja aliona. Alimwacha winga wake, akakimbia ndani kuziba shimo aliloacha nahodha, na mpira ukapigwa kwa winga aliyebaki peke yake, krosi ikaja, jitu likaruka juu ya kichwa cha Wilondja, na nyavu, ambazo zilikuwa umbali wa mkono wangu, zikanipiga usoni.

Nilitazama tena pembeni. Mshika kibendera alikuwa amesimama, kibendera chake kiko chini pembeni ya goti. Nyuma yake mwanamke mmoja alikuwa bado anapunga fimbo yenye kitambaa chekundu, akifukuza inzi kwenye samaki wake.

Sasa mnaelewa swali langu. Kumbukumbu yangu inaliweka jambo kwa mpangilio huo, lakini kumbukumbu ya mtoto mwenye hatia inaweza kupanga chochote. Pengine nilipiga kelele mpira ukiwa tayari hewani. Pengine baba hakunisikia kabisa, aligeuka kwa sababu zake. Kwa miaka mingi nilijipa nafuu kwa pengine hizo.

Mechi ilipokwisha Wilondja alikuja kuchukua saa yake. Alikuwa na damu kwenye nyusi. Alishukuru tu kwa Kichewa, "Zikomo, kocha," kama kawaida yake, akapanda lori.

Siku ya pili kibanda hakikutosha, watu walisimama mpaka kwenye mtaro. Mama Furaha muuza maandazi, aliyejua mpira kuliko wanaume wengi na aliyewaambia hivyo, alikalia mfuko wa vitambaa karibu na meza. Mimi nilikuwa chini ya mkono wa baba, kidevu changu kikifika usawa wa mstari wa kati. Wilondja alisimama mlangoni, udongo miguuni, kwa sababu sheria ilimtaka awepo.

Mwalimu alipanga vifungo taratibu, mpaka watu wakaanza kumhimiza. Kisha aligusa kifungo cheusi cha winga kwa ncha ya rula.

"Huyu alikuwa wa nani?"

"Wa namba tatu," watu wakajibu.

"Na namba tatu iko wapi?"

"Alienda kusalimia kipa," Mama Furaha akasema, na kibanda kizima kikacheka.

Kuanzia hapo kila mtu alikuwa na lake. Mmoja alisema ilipaswa wakabe eneo, kila beki na kipande chake cha ardhi, haya yasingetokea. Mwingine akamjibu kwamba hata ukimpa mtu kipande cha ardhi, kama si mtu wa kutulia ataiacha ardhi na jembe. Walisukuma vifungo huku na huku, wakavirudisha, wakagombana kuhusu upana wa kidole. Halafu kijana mmoja wa Bukavu akalisema lile lililokuwa linangoja kusemwa.

"Bantu ba Fizi njo vile. Anafuata mpira kama kuku inafuata mahindi."

Hakuna aliyemkemea kwa kusema watu wa Fizi ndivyo walivyo. Mwalimu alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayesikia mwanafunzi akijibu vizuri, na hilo tabasamu sijalisamehe mpaka leo.

Mtu mmoja tu, dereva wa lori lililotupeleka, ndiye aliyeuliza swali la maana. Alinyoosha kidole chake chenye grisi kwenye kifungo kikubwa cheusi mbele ya lango.

"Na huyu? Namba tisa alikuwa na nani?"

Baba alikuwa ameshika mkasi wake. Aliufungua na kuufunga mara mbili bila kukata kitu.

"Na mi," akasema. "Nilikuwa naye mpaka mwisho."

Baba yangu, aliyenichapa kwa uongo wa sukari, alikuwa amedanganya mbele ya watu wote wa kambi, na sauti yake haikutikisika. Mwalimu akakisogeza kifungo cha namba tano kikagusana na kile cheusi, na kikawa ukweli.

"Nani anakibeba?" Mwalimu akauliza, rula juu ya kifungo cha namba tatu.

Nilimtazama baba. Alitazama meza.

"Nani anakibeba?"

Nilimtazama Wilondja, nikidhani atakuwa anamtazama baba. Alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa na hasira usoni. Niliweka mkono wangu mezani, vidole vikielekea kile kifungo cheupe, ndipo kiganja cha baba kikaanguka juu ya mkono wangu, kizito, chenye mikwaruzo ya sindano, kikaubana kwenye kitambaa.

"Nani anakibeba?"

Hakuna. Mwalimu akakilaza. Na kwa kuwa ilikuwa fainali, akasema haitoshi kukilaza kwa wiki moja. Kishonwe hapo hapo kilipo, kifudifudi, nje ya nafasi yake, ili kila beki atakayekuja akione ajue. Watu wakapiga makofi. Na aliyeingiza uzi kwenye sindano, aliyekishona kifungo kile kwa mikono yake, mara nne kwenye kila tundu na fundo mara mbili kwa chini, alikuwa baba yangu. Hajawahi kushona kifungo kwa uimara kama ule. Mashati ya wateja yalipoteza vifungo kila mwezi. Kile hakikulegea.

Baada ya hapo watoto wenzangu, na wengine ni ninyi mnaosoma, walikuwa wakimwimbia Wilondja bombani: namba tatu, ulienda wapi? Sikuimba, ila sikuwanyamazisha. Haukuisha mwezi akaenda kutafuta maisha Lilongwe. Hakuaga. Saa yake ya plastiki alimwachia mdogo wake aniletee, bila neno lolote, nikaitupa chooni kwa hasira. Nilikuwa nimekwishaamua kwamba baba alidanganya ili aendelee kuvaa kitambaa cha unahodha. Nilimchukia kwa hilo kwa utulivu, kwa adabu, miaka yote ya sekondari na ya chuo, huku akininunulia madaftari kwa kushona sare za watoto wa wengine.

Basi Jumatatu ya wiki iliyopita, tulipofungwa tena, Mama Furaha, ambaye sasa meno yamepungua na maneno yameongezeka, alipiga meza. Alisema tusipotafuta mtu wa kufundisha mabeki wetu wadogo tutafungwa mpaka Yesu arudi. Akasema anamjua mtu. Anafanya kazi ya kupakia magunia kwenye ghala la tumbaku Kanengo, mjini Lilongwe, na Jumamosi anafundisha watoto wa Biwi bure, na mabeki waliotunyima goli jana wote wamepita mikononi mwake. Ni Wilondja. Tena yeye mwenyewe yuko tayari kurudi, mama yake hapa kambini amezeeka, anahitaji mtu wa karibu.

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Aligonga rula juu ya kifungo kilichoshonwa.

"Huyu? Afundishe batoto kupotea?"

Waliocheka naye wengi walikuwa vijana waliozaliwa hapa hapa, hawakuiona mechi ile, wamekiona kifungo tu. Mwalimu akasema jambo litaamuliwa Jumatatu ijayo. Nikamtazama baba. Alikuwa na pini tatu midomoni, na alionekana kushukuru kwamba mwenye pini midomoni hawezi kuulizwa kitu.

Alhamisi nilikwenda Kanengo. Nilikuwa nimeandika nitakachosema kwenye karatasi, nikairudia njia nzima, nikaipoteza. Nilimkuta nje ya geti wakati wa chakula, amekaa kwenye tofali na wapakiaji wengine, sahani ya nsima, ugali wa huku, mapajani. Kovu la kwenye nyusi lilikuwepo. Alinitambua kabla sijajitambulisha.

"Kocha," akasema.

Nilimuuliza swali langu pale pale, nimesimama, bila hata salamu. Kabla, au baada? Aliosha mikono kwanza. Alijibu kama mtu anayeambiwa ataje jina la mtaa wake.

"Mbele, kabla ya krosi. Mpira ilikuwa ingali ku miguu ya ule kiungo wao. Nilikusikia muzuri. Na mi niliona ni mama wa samaki, juu nilikuwa karibu naye, nilikuwa nasikia harufu."

Nilisema samahani. Lilitoka neno dogo mno. Nilimuuliza kwa nini hakumtaja yeyote, hata kama sheria ilimkataza kujitetea.

"Ningesema nini? Kama mtoto njo alitufungisha? Ungeishi namna gani pale?" Alimwaga maji machafu pembeni. Ndipo, kwa mara ya kwanza, nikaiona hasira yake, na ilikuwa kubwa kuliko yangu, imetulia kama jiwe. "We sikukusubiri, hata siku moja. Nilisubiri papa yako. Ile siku. Ile mwezi. Nilikuwa nasema, ni mutu ya kwaya, atasema. Nilienda kumuzibia shimo yake, akanizika ndani."

Nilirudi Dzaleka na jibu langu. Halikunipa usingizi. Lilinipa kitu kingine cha kufikiria: baba hakunibana mkono ili anyamazishe ukweli wake peke yake. Alijua nilitaka kujitaja. Nilikuwa nimekisoma kile kiganja vibaya tangu siku ile.

Jumapili baada ya ibada nilimkuta anapaka mafuta cherehani. Nilimwambia nilikokwenda. Hakuinua kichwa.

"Bangekula we, mama," akasema. Ananiita mama anapotaka nielewe. "Ulikuwa na miaka kumi. Ulisikia namna banaimba? Hiyo wimbo ingekuwa yako. Mpaka uolewe. Yeye alikuwa mwanaume."

"Alikuwa na miaka kumi na tisa, Papa. Mi leo niko na miaka ishirini na nne, na siwezi hata kuomba kazi bila kutetemeka."

"Nilifanya kazi ya mzazi."

"Ungesema ni wewe. Hukuhitaji kunitaja. Ungesema tu, nilisimama, nilikosa. Ingetosha."

Alifuta mafuta kwenye vidole, kimoja kimoja. Mtu akikulinda unatakiwa umshukuru, hilo nalijua, na sehemu moja ya moyo wangu ilitaka kupiga magoti. Sehemu kubwa zaidi ilitaka kuipindua cherehani ile. Alinilinda kwa mali ya mtu mwingine. Angeweza kunilinda kwa yake, na yake ilikuwa kitambaa tu cha mkononi, alichokivua miaka miwili baadaye kwa sababu ya goti.

"Nilikuwa kapiteni," akasema mwishowe, kwa sauti ya chini sana. Kwa hiyo sikuwa nimekosea kabisa nilipokuwa mdogo. Yalikuwa mambo yote mawili, na huenda yeye mwenyewe hajui lipi lilitangulia.

Usiku mmoja zaidi wa kupanga na kupangua: nikisema, nitamvua baba nguo mbele ya wateja wake. Nikisema, Mwalimu atasema mtoto hana macho. Nikisema, wataniimbia mimi, msomi mzima. Nikinyamaza, hakuna kitakachotokea. Hilo la mwisho ndilo lililonitisha.

Jumatatu kibanda kilijaa. Walianza kwa kurudia mechi ya wiki iliyopita, wakasukuma vifungo, wakagombana kuhusu eneo na mtu kwa mtu kwa maneno yale yale ya zamani, na mimi nilisimama karibu na meza. Walipofika kwenye jina la Wilondja, Mwalimu akainua rula kuelekea kile kifungo. Nilichukua wembe wa baba wa kufumulia, ule uliofungwa kitambaa upande mmoja, nikainama, nikaanza kukata uzi.

"We mtoto ya Fundi, unafanya nini?" Mwalimu akauliza.

"Nakibeba."

"Hakuna mwenye ameuliza."

"Uliuliza mara tatu, Mwalimu. Nimechelewa kujibu."

Mtu alicheka nyuma, halafu akaacha. Uzi ulikuwa mgumu. Wembe uliteleza ukanikata kidogo kwenye kidole gumba, tone la damu likaingia kwenye kijani. Sikumtazama baba. Nilisikia tu kanyagio la cherehani, alilokuwa akilichezea kwa mguu muda wote, likisimama.

Nilisema nilichoona kwa macho yangu. Wekundu, fimbo, inzi, samaki. Sauti yangu mwenyewe. Mpira ukiwa bado katikati. Nilipanga vifungo upya kama siku ile, nikakisogeza kifungo cha namba tano mbali na kifungo kikubwa cheusi, hatua zote alizoachwa, mpaka pakawa na uwazi mbele ya lango ambao hata kipofu angeuona kwa vidole. Dereva wa lori, mzee sasa, aliinama akautazama, akasema taratibu, "Niliuliza. Si niliuliza?"

Mwalimu aligeuka. "Fundi, ni kweli?"

Baba alikitazama kifungo cha namba tano. "Nilisimama," akasema. Hakuongeza, na sikumsaidia.

Kifungo cha namba tatu kilikuwa mkononi mwangu, kimegeuka njano, kimebaki na nyuzi kwenye matundu. Nilikigeuza namba ikatazama juu, nikakiweka pale Wilondja alipokuwa kweli: katikati ya shimo la baba yangu, ubavuni mwa lile jitu, peke yake. Kisha nikafungua kopo la vifungo la baba, nikatafuta kifungo kidogo chekundu cha gauni la mtoto, nikakiweka nje ya mistari, nyuma ya lango.

"Huyu ni mi," nikawaambia. "Mukitaka kuimba, muanzie hapa."